Kizuri Hakijiuzi Babati

Mche wa sabuni unaokatwa vipande juu ya kaunta ya duka la Bashnet, kule juu ya ukingo wa Bonde la Ufa ambako baridi ya asubuhi huchelewa kuondoka hata jua likishapanda, umepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufikia kisu cha mwenye duka: mpika sabuni wa Dar es Salaam, mpakiaji wa ghalani, dereva wa lori na utingo wake, tajiri wa duka la jumla mjini Babati, na mwisho mwenye duka mwenyewe, na katika silsila hiyo ndefu yumo mtu mmoja ambaye aghalabu hatajwi, wala mnunuzi wa kipande kile hana habari naye, ingawa lau si yeye mche ungalilala stoo hata ukakauka na kupasuka. Mtu huyo huitwa afisa mauzo. Hapiki sabuni, hamiliki lori, wala hana duka. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa kitu kilichotengenezwa mbali kinafika kwa mtu anayekihitaji, kwa wakati anaoweza kukilipia, kwa kipimo anachokimudu, na kwamba fedha yake inarudi salama kule kilikotoka.

Methali yetu ya kale husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa ajili ya methali hiyo watu wengi wamezoea kumwona mtembeza bidhaa kuwa ni mtu mwenye ulimi mwepesi na kitu kizito, anayelazimisha kwa maneno kile ambacho thamani yake haikuweza kukisema. Naamini kuwa methali hii, iliyo sahihi kabisa kwa tabia za watu, haikutungwa kwa ajili ya mafuta ya kula, chumvi, viberiti, dawa ya meno na majani ya chai katika wilaya ya milima na mabonde kama yetu. Babati kizuri hakijiuzi. Kuna mtu anayekiuza, na maisha ya mtu huyo yanastahili kuandikwa kwa staha ileile tunayowaandikia mabwana wa viwanda.

Mji wenyewe umelala baina ya ziwa lake lenye viboko na mlima Kwaraa, juu ya ile barabara ya zamani ambayo Waingereza walitumaini kuwa ingeunganisha Cape Town na Cairo, takriban kilomita 170 kutoka Arusha. Kwa miaka mingi ulikuwa mji mdogo wa wilaya katika Mkoa wa Arusha, mahali pa abiria kushuka na kunywa chai. Hata mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, Babati ukafanywa makao makuu, na ofisi zikaja, na watumishi, na mabenki, na nyumba za wageni. Lami nayo ikaja. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo mji umekuwa njia panda ya kweli: kaskazini Arusha, kusini Dodoma kwa njia ya Kondoa, magharibi Singida kwa njia ya Katesh. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,892,502 katika mkoa mzima, na sehemu kubwa ya watu hao hawaishi mjini bali wametawanyika katika vijiji vya Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na Wamasai, ambako duka ni chumba kimoja chenye dirisha la wavu na rafu tatu za mbao.

Kwa mfanya tijara, njia panda ni neema na ni mtihani pia. Mafuta ya mawese huja kwa lori kutoka Dar es Salaam yakiwa na nembo na tarehe, ilhali mafuta ya alizeti huja kutoka mashine za kukamulia za Singida na za papa hapa Babati, ndani ya madumu yasiyo na jina, yenye harufu nzuri na bei inayopanda na kushuka kwa msimu. Mchele wa Magugu hauhitaji mtu wa kuusifu. Sukari, unga wa ngano, biskuti na sabuni ya unga huletwa na kampuni zinazoshindana, kila moja ikiwa na gari lake lililochorwa ubavuni, na si ajabu asubuhi moja kuyaona magari matatu ya namna hiyo yakifuatana kuelekea Dareda, kila dereva akitaka kuwa wa kwanza kusimama mbele ya duka ambalo mwenyewe ana fedha ya kumtosha mmoja tu.

Nilifuatana na afisa mauzo mmoja wa njia hiyo, mtu wa makamo, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa ni mtu wa faragha. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya hii, akamaliza kidato cha nne bila ya alama za kumpeleka mbele, akaanza kazi akiwa utingo wa lori la msambazaji, akibeba katoni begani kutoka lori hadi dukani na kutoka dukani hadi lorini zile zilizokataliwa. Akajifunza udereva. Akawa dereva anayeuza, kisha muuzaji asiyeendesha, na leo ni supavaiza anayesimamia vijana wenye shahada kutoka vyuo vya biashara, ambao anawaheshimu kwa elimu yao na wao wanamheshimu kwa sababu anajua mambo ambayo hayamo katika vitabu vyao. Anaweza kusimama mlangoni pa duka na, kabla hajasalimia, akajua kwa vumbi lililoko juu ya makopo ni bidhaa ipi imelala na kwa muda gani. Anajua duka ambalo rafu zake zimejaa kwa sababu ya ustawi na duka ambalo zimejaa kwa sababu hakuna anayenunua, mambo mawili ambayo kwa macho ya mgeni yanafanana kabisa.

Tulifika katika duka moja la Madunga mwezi wa Julai, baridi ikiwa imewakusanya watu jikoni. Mwenye duka, mama mtu mzima aliyejifunga shuka juu ya kanga, hakungoja salamu imalizike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mafuta yako haya yamekufa. Watu wameyakataa."

Akatoa chupa moja, na kweli mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama mafuta ya ng'ombe, yakiwa yameshikamana na kitako cha chupa. Bwana yule hakujibu neno. Aliomba maji ya moto ndani ya sufuria, akaitumbukiza chupa humo, akakaa juu ya gunia la chumvi akimuuliza mama habari za mjukuu wake aliyekuwa amelazwa hospitali ya Dareda. Watoto waliotumwa dukani wakakusanyika kutazama. Muda si mrefu mafuta yakaanza kuwa manjano pembeni, kisha yakawa maji, yakang'aa. Ndipo akaeleza, kwa sauti ya kuwafikia na wale waliokuwa nje ya dirisha, kuwa mafuta ya mawese huganda kwa baridi na huyeyuka kwa joto, kwamba hiyo ni tabia ya mafuta yenyewe na si dalili ya kuharibika. Mama akacheka, akataka kuagiza katoni nyingine mbili. Yeye akamwandikia moja, akamwambia asubiri Septemba baridi ipungue, na miezi hii auze zaidi mafuta ya alizeti ambayo hayagandi haraka, hata kama si ya kampuni yake.

Katoni ile moja aliyoikataa ndiyo iliyonifundisha kazi hii ni nini. Kwa hesabu ya siku ile alikuwa amejipunguzia kamisheni kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mkubwa wake aliyeko Arusha angalimuuliza kwa ukali kama angalikuwapo; lakini kwa hesabu ya miaka, alikuwa amelinda rafu ile isijae mali iliyoganda, na mama yule asimwone kuwa ni mtu anayetupa mzigo na kukimbia. Biashara ya bidhaa ndogondogo si biashara ya kuuza mara moja. Anayeuza gari huweza asimwone tena mnunuzi wake. Anayeuza sabuni atarudi wiki ijayo, na wiki ya pili yake, na kila atakaporudi atakuta pale pale neno alilolisema mara ya mwisho.

Neno hilo ndilo rasilmali yake, kwa sababu sehemu kubwa ya biashara hii huendeshwa kwa mali kauli. Mwenye duka huchukua mzigo leo na kulipa baadaye, na dhamana yake si hati ya nyumba wala shamba, bali ni kauli tu, iliyoandikwa katika daftari lenye jalada gumu ambalo kila ukurasa wake una jina la mtu na tarakimu zilizokatwa kwa kalamu kila deni lilipopungua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi kampuni zimewapa maafisa wao simu zenye programu ya kuandikia oda, na malipo mengi hufanywa kwa simu, tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na hii imeondoa hatari kubwa ya zamani ya kushuka mlima wa Dareda jioni na mfuko wa noti chini ya kiti. Lakini programu ile huandika kilichouzwa. Haiandiki kwamba mwenye duka wa Galapo huwa halipi Januari kwa sababu ya ada za watoto, na kwamba Agosti hulipa yote bila ya kuombwa.

Maana katika Babati fedha huota shambani. Mkulima hupanda mahindi na mbaazi katika shamba moja. Mahindi huvunwa kwanza, na mbaazi, zinazochelewa kukomaa, hufuata kuanzia miezi ya Julai na Agosti, na mahindi ni ya chakula aghalabu, mbaazi ni za fedha. Kwa hiyo tangu Januari hata Aprili watu hununua chumvi, kiberiti na kipande cha sabuni, mafuta hupimwa kwa kijiko na kikombe, na gari la mauzo hurudi likiwa limejaa nusu. Kisha mavuno yakija, mtu yuleyule huagiza mche mzima, dumu la mafuta, soda kwa kreti kwa ajili ya harusi, na mabati. Afisa mauzo asiyejua mvua ilinyeshaje mwezi wa Machi hajui atauza nini mwezi wa Septemba. Makao makuu ya kampuni huweka malengo ya mwezi kana kwamba miezi kumi na miwili ni ndugu wa tumbo moja, na hapa ndipo taabu kubwa ya kazi hii inapoanzia.

Mwaka 2017 ndio uliowafundisha wote. Mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu ni India, na mwezi wa Agosti mwaka ule serikali ya India, ikiwalinda wakulima wake waliokuwa wamevuna kwa wingi, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zitakazoingizwa nchini humo. Habari ile ilifika Babati wakati mavuno yakiwa yanaingia. Bei ikaporomoka, wanunuzi wakaacha kuonekana, magunia yakabaki majumbani, na mkulima aliyekuwa amechukua mzigo dukani kwa ahadi ya mbaazi akawa hana cha kulipa. Naye mwenye duka, aliyekuwa amechukua mzigo kwa afisa mauzo, akawa hana cha kulipa. Na afisa mauzo, ambaye kampuni yake haikuwa na habari ya mbaazi wala ya India, akawa ndiye aliyesimama mwisho wa mstari. Bwana niliyefuatana naye anasema mwaka ule alijifunza kutofautisha asiyetaka kulipa na asiyeweza kulipa. Alikwenda kwa kila mmoja, akakaa naye, akakubaliana naye kiasi kidogo kidogo, na kwa wachache alilipa sehemu ya deni kutoka katika mshahara wake ili majina yao yasifutwe katika orodha ya wateja. Sikubaliani na kampuni yoyote inayomwacha mtumishi wake afike hapo. Lakini maduka yale yapo hata leo, na mengine yaliyodaiwa kwa nguvu na washindani wake hayapo.

Inafaa kukumbuka kwamba mmoja wa waliotangulia katika uuzaji wa namna hii alikuwa mtu wa sabuni. William Lever, mtoto wa mfanyabiashara wa vyakula wa mji wa Bolton huko Uingereza, aliingia katika biashara ya baba yake akiwa kijana wa miaka 16, akikata miche ya sabuni na kuifunga, kisha akapewa kuzunguka kwa gari la farasi katika maduka ya vijiji akichukua oda. Katika kuzunguka kule aliona kuwa wanunuzi hawakuwa na namna ya kujua sabuni ipi ni njema, kwa kuwa miche yote ilifanana. Na mwaka 1884 akaichagulia sabuni yake jina, Sunlight, ikakatwa tayari kiwandani na kufungwa katika karatasi yenye jina hilo. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ambayo mwaka 1929 iliungana na wafanyabiashara wa siagi ya mimea wa Uholanzi na kuwa Unilever, ambayo Blue Band na Omo zake zilijulikana Afrika Mashariki nzima. Historia hiyo haina usafi wote wa sabuni iliyouzwa. Mwaka 1911 Lever alipata kutoka kwa Wabelgiji ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo, na huko watu walilazimishwa kuchuma chikichi kwa ujira duni na kwa mateso. Anayeisifu tijara hana budi kuliweka hilo mezani.

Hapa kwetu palikuwa na wakati ambapo afisa mauzo hakuwapo kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara ya jumla iliwekwa mikononi mwa shirika la taifa, STC, na shirika hilo lilipoelemewa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Mwaka 1973 ikaja Tume ya Bei ya Taifa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya vijiji. Nia ilikuwa njema, na sioni aibu kusema hivyo: mlaji wa Bashnet asinyonywe kwa sababu tu yuko mbali. Lakini mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikakauka, na bidhaa zikaadimika. Mtumishi wa RTC hakuwa muuzaji, alikuwa mgawaji. Hakulazimika kujua kama mama wa Madunga alipenda mafuta haya au yale, kwa maana foleni ilikuwa tayari imeshajipanga kabla lori halijafika. Wazee wa Babati husimulia habari za kufulia kwa majani ya mpapai, za kwenda dukani kwa kibali cha mwenyekiti, za kugawana kipande cha sabuni baina ya majirani.

Mwaka 1983 Edward Sokoine, Waziri Mkuu na mwana wa Monduli, jirani yetu wa mkoa uleule wa Arusha wa wakati huo, aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na wafanyabiashara wengine, kwa hofu ya kukutwa na mali, waliitupa porini na mitoni. Sokoine alipenda wanyonge kwa dhati, na watu wengi hapa bado wanamlilia tangu ajali yake ya Aprili 1984. Hata hivyo bajeti ya Juni mwaka huohuo iliruhusu wenye fedha za kigeni kuingiza bidhaa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 milango ikafunguliwa zaidi. Rafu zikaanza kujaa, na kwa kuwa sasa palikuwa na sabuni mbili badala ya kukosekana hata moja, ikabidi awepo mtu wa kuieleza moja.

Walioufaidi wakati ule twawajua. Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame aliyekuwa mhasibu katika Coopers & Lybrand, alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake zilipokuwa adimu, akaacha uhasibu mwaka 1989, na hadi alipofariki Mei 2019 alikuwa amejenga kampuni za IPP, pamoja na kiwanda cha Bonite cha Moshi ambacho maji yake ya Kilimanjaro yamo katika kila friji ya stendi yetu. Said Salim Bakhresa wa Zanzibar, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kuuza mchanganyiko wa viazi, jina lake la Azam limo katika unga wa kila mkahawa. Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, mwendo mfupi wa basi kutoka hapa, katika ukoo ulioanza na duka. Nawataja kwa sababu biashara za wote watatu zilianza na kitu kidogo kabla ya kufikia kikubwa cha lori, na kwa sababu nimesikia vijana wa mauzo wa Babati wakiwataja usiku katika nyumba za wageni za Katesh, mmoja akisema atafika kwa njia ya Mengi, mwingine akimwambia amalize kwanza tageti yake ya wiki.

Tageti hiyo ndiyo adui wa adili katika kazi hii. Siku tatu za mwisho wa mwezi, simu za kutoka kanda hazinyamazi, na afisa aliye chini ya kiwango hushawishika kufanya moja ya mambo mawili: kumsihi mwenye duka apokee mzigo asiouhitaji, kwa ahadi ya siri kuwa utachukuliwa mwezi ujao, au kuandika mauzo ambayo hayapo, na kuuficha mzigo wake katika stoo ya rafiki. Yote mawili huitwa kusukuma mzigo. Mzigo uliosukumwa hukaa, tarehe yake ya matumizi hupita, na mwishowe huuzwa kwa bei ya kutupa katika mnada wa kijiji, ambako mama asiyesoma tarehe humpa mwanawe biskuti zilizokwisha muda wake. Nalaumu kwa hili wanaoweka malengo zaidi ya wanaoyakimbilia, kwa sababu kijana mwenye mkataba wa miezi sita na kodi ya nyumba Maisaka hana nguvu ya kumkatalia mkubwa wake. Lakini naye ana hiari kiasi, na wapo wanaoitumia.

Na kuna bidhaa ambazo mauzo yake mazuri si heri. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, vile viroba vilivyokuwa vikiuzwa hata kwa watoto wa shule kwa bei ya andazi, na maafisa mauzo waliokuwa wakiishi kwa viroba walipoteza riziki yao kwa siku moja. Niliwahurumia, na bado nashukuru kwa marufuku ile. Babati sasa ina kiwanda chake cha vinywaji vikali, Mati Super Brands, kinachoongozwa na David Mulokozi, ambacho chupa zake husafiri kwenda mikoa mingine, na kwa hiyo mji uliozoea kupokea tu maafisa mauzo wa wengine sasa huwatuma wa kwake. Kwa ajira na kodi ni jambo la kujivunia. Ningependa siku moja kuona msafara wa namna hiyo ukibeba mafuta yetu ya alizeti na unga wetu wa mahindi, vikiwa katika chupa na mifuko yenye jina la Babati.

Wanawake katika kazi hii bado ni wachache. Wengi hupewa kusimama stendi wakiwa na fulana za rangi wakionjesha maji ya matunda, kazi ya siku chache isiyo na mkataba, ilhali kwenye maduka yenyewe wengi wa wenye kununua na kuuza ni wanawake. Supavaiza wetu ana binti mmoja katika kikosi chake, wa njia ya Magugu, na madeni yake, aliniambia, ndiyo yanayolipwa mapema kuliko ya wote, kwa sababu akina mama wa maduka humpigia simu wenyewe kabla hajawapigia.

Ngazi ya kazi hii huelekea Arusha. Afisa mauzo huwa supavaiza, supavaiza huwa meneja wa eneo, meneja wa eneo huwa meneja wa kanda mwenye gari na ofisi na safari za ndege za Dar es Salaam. Na wengi huchoka katikati, wakafungua duka la jumla la kwao katika mtaa uleule waliokuwa wakishusha mizigo. Supavaiza wetu naye ameitwa. Kampuni yake imempa cheo katika kanda nyingine, huko Ziwa, na mshahara unaoongezeka vya kutosha kumaliza nyumba aliyoianza Bonga na kumlipia mwanawe chuo. Mke wake anataka aende. Yeye anaona kuwa kile alichokijenga hakihamishiki: daftari litabaki, simu itakabidhiwa, oda zitaendelea kuingia, lakini mtu atakayekaa katika nafasi yake hatajua kuwa wa Galapo halipi Januari, na kwa kutojua huko atamfungia, na wa Galapo atahamia kwa mshindani. Kampuni zetu humlipa mtu vizuri anapoondoka mahali na humlipa vibaya anapobaki. Ningependa kuona mojawapo ikijaribu kinyume chake, ikampa afisa wa namna hii cheo na mshahara wa kanda akiwa palepale Babati, kwa kuwa uaminifu wa wateja wa tarafa nzima ni mali iliyo katika hesabu za kampuni, ingawa hakuna mhasibu aliyeiandika.

Aliwajibu wakubwa wake kuwa atakubali, kwa sharti moja. Wenye maduka wa Bashnet, Madunga na Dareda wamechukua mzigo wa msimu kwa mali kauli, kwa kauli yake yeye, na mbaazi bado zinavunwa. Aachwe hadi deni la mwisho likatwe katika daftari, kisha amtembeze duka kwa duka yule atakayempokea, amtambulishe kwa kila mwenye duka kwa jina. Kampuni imempa hadi mwisho wa Novemba.